Unga wa Rangi Mbili

Kila Jumamosi, Zawadi na mdogo wake Faraji walichoma korosho nyuma ya nyumba yao kijijini Mpapura. Zawadi alikoroga korosho kwenye bati, Faraji akachochea moto. Siku hiyo ganda moja lilipasuka, mafuta ya moto yakamrukia Faraji mguuni. Alipiga yowe hadi kuku wakatawanyika.

"Nyamaza, dawa ipo!" alisema Zawadi, daktari wa kujiteua. Akaleta kopo la vidonge vya rangi mbili. Nyumbani kwao ndivyo walivyozoea: mgonjwa akipata nafuu, vidonge vilivyobaki hutiwa koponi, na siku mtu akiumia, kimoja hupasuliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda. Mama aliporudi kutoka shambani alimsifu.

Kila asubuhi Zawadi alinyunyiza unga, na kila asubuhi kidonda kilinuka zaidi. Faraji alipoanza kuweweseka kwa homa, Mama alikodi bodaboda wakamkimbiza hospitali mjini.

Majibu ya maabara yalipotoka, Daktari Magreth aliwaita pembeni. "Bakteria wa kidonda hiki ni sugu. Dawa tuliyoanza nayo haiwaui. Wakienea, huenda tukaukata mguu."

Zawadi aliduwaa. Kuukata? "Lakini nilimtia dawa kila siku!" alisema.

"Dawa gani?"

Aliposikia habari za kopo, daktari alijishika kichwa. "Mungu wangu! Unga ule uliua bakteria dhaifu tu. Wagumu wakabaki, wakazaana."

Mama alikaa chini palepale sakafuni.

"Sasa tutampa dawa mbili kwa pamoja," daktari aliendelea. "Moja itabomoa ukuta wa bakteria, nyingine ipenye imalizie. Nimezichagua kwa vipimo, msije mkachanganya wenyewe nyumbani!"

Faraji alivumilia sindano nyingi. Polepole homa ilishuka, usaha ukakauka. Siku aliposimama kwa miguu yote miwili, Zawadi alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Waliporudi nyumbani hawakukaa siku nyingi, jirani yao Mama Rajabu akaja na mwanawe aliyejikata kidole. "Zawadi, nipasulie kidonge kimoja cha koponi, mwanangu."

Zawadi alimtazama Mama.

"Kopo tumelipeleka hospitali, jirani," alisema Mama. "Tukioshe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha mwende zahanati. Dawa ni ile aliyoandika daktari, na dozi unaimaliza hata ukijisikia mzima. Sisi tulibakiza vidonge, nusura tupoteze mguu."

Faraji alipandisha suruali akaonyesha kovu. Mama Rajabu aliliangalia, akashtuka, akamshika mwanawe mkono. "Maji yako wapi?" aliuliza.