Achari ya Hasina na Bei ya Kwanza

Ukipita mtaa wa Kibomet asubuhi na watu wanapiga chafya, ujue Hasina ameanza kusaga pilipili. Achari yake ya ndimu na pilipili ilijulikana Kitale nzima. Alifundishwa na marehemu mama yake. Mume wake, Shafi, aliiuza mjini, na siku za soko aliipeleka Chwele. Achari hiyo ndiyo iliyowalisha, na ndiyo iliyomsomesha binti yao, Suad.

Mwaka wa 2006, mgeni mmoja aliyekuja kupanda Mlima Elgon aliila achari hiyo hotelini. Aliporudi kwao Uholanzi, akawasimulia watu wa kampuni ya vyakula. Haukupita muda, barua pepe ikaja kwa Shafi. Kampuni ilitaka achari, na mkataba ulikuwa ndani ya barua hiyo.

Shafi alienda saiba, pale watu hulipia kutumia mtandao.

"Mkataba una kurasa kumi na mbili," mwenye saiba akamwambia. "Nitoe zote kwa karatasi?"

"Zote za nini, bana? Nitolee ile ya kusaini."

Basi ukatoka ukurasa mmoja, wa mwisho. Hasina akatia sahihi kwa furaha, mkono bado unanuka ndimu. Mashine ya kutuma karatasi ilikuwa imeharibika pale Kitale. Kesho yake Shafi akaondoka na karatasi ile. Angepitia soko la Chwele, kisha aende kuituma kutoka Bungoma.

Asubuhi hiyo jirani yao Viola alikuja kununua achari. Viola alikuwa mwalimu wa sheria ya biashara katika chuo kimoja mjini.

"Mwalimu, leo chukua bure!" Hasina akasema. "Tumepata mnunuzi Ulaya. Nimesaini mkataba jana."

"Hongera, mama Suad! Mkataba unasema nini?"

"Si nimekwambia? Watanunua achari."

"Hiyo nimesikia. Lakini wenyewe umeandikwa nini?"

Hasina akaacha kutwanga. "Umeandikwa... pale chini umeandikwa jina na sahihi."

"Na karatasi zingine?"

"Ziko kwa kompyuta."

Viola hakucheka. Na wewe usicheke. Wako watu wenye suti na tai wanaotia sahihi hivyo hivyo kila siku.

"Vua aproni," Viola akasema. "Twende tukasome."

Kule saiba Hasina akafungua barua. Neno la siri lilikuwa Suad. Shafi angeweka lipi lingine? Viola akasoma Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili.

"Kifungu cha nne. Muuzaji hatamwuzia achari mtu mwingine yeyote, popote duniani."

"Popote? Hata Chwele?"

"Hata Chwele. Hata mimi jirani yako."

Viola akaendelea kusoma.

"Kifungu cha saba. Utawaandikia namna unavyoipika, na hiyo itakuwa mali yao."

"Mali yao aje? Hiyo ni ya mama yangu!"

"Ukisaini ni yao. Na kifungu cha kumi: mkigombana, kesi itasikizwa na mahakama ya kwao."

"Uholanzi? Mimi? Nitafikaje huko?"

Akampigia Shafi. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, jibu ni lile lile. Akaiweka simu mezani. Papo hapo ikalia.

"Mama Suad!" Shafi alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Niko Bungoma. Kazi imeisha. Nimetuma sasa hivi!"

Hasina akaketi na kulia mbele ya watu wote. "Nimeuza urithi wa mama yangu. Na wanaonunua hata siwajui."

"Ngoja kwanza," Viola akasema. Alikuwa bado anasoma. "Ona hapa. Mkataba utaanza pande zote mbili zikishatia sahihi. Wewe umetia. Wao bado. Wakitia kabla hujawaandikia, umefungwa. Huko kwao bado ni asubuhi. Tuandike sasa."

"Kwa barua pepe? Hiyo nayo inahesabiwa?"

"Inahesabiwa. Mkataba si umekuja hivyo hivyo? Hata ujumbe wa simu unaweza kukufunga. Usimjibu mtu 'sawa' ovyo ovyo."

"Na wakikasirika? Wakinunua kwa wengine?"

"Wanaweza. Siwezi kukuficha hilo."

Hasina akafuta macho. Aliogopa, tena aliogopa sana. "Andika, mwalimu. Afadhali nikose Ulaya kuliko nikose Chwele."

Waliandika kwamba Hasina anaondoa sahihi yake. Wakataja vile vifungu vitatu, wakaeleza anavyotaka vibadilishwe. Kisha wakatuma.

Shafi aliporudi jioni na kusikia, alishika kichwa. "Ati umefanya nini? Bahati imekuja yenyewe mpaka mlangoni, na wewe unaifukuza?"

Viola, aliyekuwa bado hapo, akamwuliza, "Baba Suad, leo Chwele umenunua ndimu?"

"Gunia moja."

"Kwa bei aliyotaja muuzaji?"

"Mimi? Wapi! Tumevutana mpaka akaniita mwizi."

"Ndimu umezivutania. Huu mkataba nao, mbona umeuchukua kwa bei ya kwanza?"

Shafi akalibeba gunia lake la ndimu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Hasina alisahau kutia chumvi, chupa nyingi zikaharibika. Kila siku walienda saiba, na kila siku hakukuwa na kitu. Hasina akaanza kuamini kwamba sahihi ya kampuni ilikuwa imetangulia barua yake.

Hatimaye jibu likaja. Viola akasoma, wao wawili wamesimama nyuma yake.

"Tulipata barua yako kabla hatujatia sahihi."

"Alhamdulillahi!" Hasina akasema.

Kampuni ilikubali kwamba Hasina atakatazwa kuwauzia wengine Uholanzi tu. Kwingine kote Hasina auze apendavyo. Upishi ungebaki wake, ila ataje kwenye chupa vitu vilivyomo. Mahakama za Kenya, alizotaka Hasina, walizikataa. Wakapendekeza msuluhishi atakayekubaliwa na pande zote mbili.

"Kuna mstari mmoja umebaki," Viola akasema. "Wanaandika: 'Tulikutumia mkataba ili tuzungumze. Tulishangaa ulipotia sahihi bila kuuliza swali hata moja.'"

Hasina akamgeukia mumewe. "Baba Suad, kumbe walikuwa wanatungoja tuulize."

Mkataba mpya ulipofika, walitoa kurasa zote. Viola akasoma, Hasina akauliza, na Shafi aliuliza kuliko wote, mpaka wakamwomba apunguze. Pande zote mbili zikatia sahihi, na nakala moja ikabaki nyumbani.

Katoni za kwanza ziliondoka Kitale kabla ya Ramadhani. Siku hiyo hiyo Hasina alikuwa soko la Chwele, akiwauzia watu achari ya mama yake, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia aache.