Aliyeitika Ndani ya Mvuke

Muuguzi alisema, "Nakuja," ilhali mumewe hakusikia mtu yeyote akiita.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mwisho ya likizo yao. Walikuwa wamezama hadi mabegani kwenye chemchemi ya maji moto, mvuke umetanda, harufu ya kiberiti imewakaba pua. Mumewe, fundi cherehani, akamuuliza anamjibu nani. Mkewe hakufumbua hata macho. Alisema mtu kaita "sista", basi ameitika. Miaka ishirini na sita wodini ilikuwa imemzoesha kuitika kwanza, kutazama baadaye. Hata nyumbani, amelala fofofo, mlango ukilia kidogo tu alisema anakuja, na watoto walimtania kwa hilo mpaka wakakua na kuhama. Mazoea yana taabu.

Fundi akakumbuka onyo. Walipofika, mama mgawa taulo pale mlangoni alikuwa amewaonya wageni: ukiitwa humo ndani, usiitike mpaka umwone anayekuita. Wakati huo muuguzi alikuwa amesinzia kwenye benchi, taulo mapajani. Fundi alisikia kila neno, akaona ni porojo za kuchangamsha wageni, wala hakumwambia mkewe.

Alasiri gari la watalii liliwapeleka bwawani kutazama wanyama. Pundamilia walikuwa wengi, na nyati, na swala wenye watoto wachanga. Dereva alizima gari. Wanyama wakainua vichwa wote kwa pamoja, wakaacha kunywa, wakaondoka taratibu bila kukimbia. Gari likazunguka upande wa pili, wakaondoka tena. Dereva alisema labda upepo umegeuka, lakini hakukuwa na upepo, na fundi alikuwa ameshaisikia ile harufu ya kiberiti ikitoka kwa mkewe, aliyeoga kwa sabuni mara mbili. Kola ya gauni lake ilikuwa imelowa. Fundi akaikamua kwa leso, ikalowa tena, akaikamua, ikalowa, na maji yenyewe yalikuwa ya moto, yakimchuruzikia mkewe mgongoni huku yeye ameegemea kiti na kutabasamu tabasamu ambalo mumewe hakuwa ameliona tangu walipompata mtoto wa kwanza.

"Kule kulikuwa kimya, Baba Watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniita mmoja tu."

Fundi aliogopa, akamwomba dereva awarudishe chemchemini.

Jua lilikuwa bado halijazama. Mama wa taulo alimtazama muuguzi, kisha akamvuta fundi kando.

"Aliitika?"

"Alisema anakuja."

"Basi ameahidi. Jini wa humu hamvuti mtu. Anamngoja tu atimize."

Alieleza dawa yake, nayo ilikuwa fupi. Muuguzi aingie majini hadi magotini. Akiitwa, aseme "siji". Mara moja tu inatosha, mradi alitamke neno hilo mwenyewe, na lisemwe kwa yule anayeita.

"Na wewe baba, kama unampenda, funga mdomo."

Fundi alishusha pumzi. Neno moja tu. Halafu akajaribu kukumbuka ni lini alimsikia mkewe akilisema, akakosa. Jirani aliita katikati ya chakula, akaenda. Mama mkwe aliita kutoka kitandani miaka sita, akaenda kila mara. Hata yeye fundi, mke akiwa ametoka zamu miguu imevimba, aliita apatiwe maji ya kunywa, na maji yakaja. Aliona haya, tena haya ya kuchelewa, ambayo haina faida kwa mtu.

Muuguzi akaingia. Mvuke ukajisogeza.

"Sista."

Safari hii fundi alisikia. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka. Midomo ya mkewe ilicheza, neno likakwama.

"Sista. Njoo ukae."

Akapiga hatua moja ndani. Maji yakamfika mapajani, kisha kiunoni, naye hakuwa akisukumwa wala kuvutwa, alikuwa anatembea kama mtu anayetoka kazini, mabega yameshuka, na fundi akauma ulimi, akaukumbuka mdomo aliokatazwa kuufungua, akaikumbuka nyumba yao na vyumba vyake vitupu na kitanda atakacholalia upande mmoja, na mvuke ukaanza kumfunika mkewe kuanzia nywele, hapo woga ukamzidi nguvu.

"Mama Watoto, njoo! Njoo twende nyumbani."

Mkewe akageuka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Alimtazama mumewe vizuri, usoni, kwa ile huruma aliyozoea kuwapa ndugu wa mgonjwa kabla ya kuwaambia habari mbaya.

"Siji," alisema.

Alilisema polepole, kama anayejaribu kiatu kipya, likamtoka bila shida. Kisha akawapa mgongo, mvuke ukajifunga nyuma yake.

Fundi alikimbilia majini, akapapasa huku na huku hadi mikono ikawa myekundu. Mama wa taulo ndiye aliyemtoa. Fundi alimsihi, akasema mkewe amelisema lile neno, amelisema kwa kinywa chake, na yeye mama amelisikia mwenyewe.

"Nimesikia, baba," mama yule alijibu. "Lakini aliyekuwa anamwita ni wewe."