Kadi ya Bi Ghorofa

Mwanamke alipanda ngazi na sipiyu ya kompyuta mgongoni, imefungwa kwa shuka la maua kama mtoto mgonjwa anayepelekwa kliniki. Ghorofa ya pili ya jengo lile ilikuwa maduka tu: simu, spika, nyaya zinazoning'inia, na wauzaji wanaovuta watu mikono. "Dada, karibu! Dada, kava za simu! Dada, usipite hivyo!" Hakuwa na nguvu ya kumjibu yeyote. Gauni lake la kijani lilikuwa limefuliwa mpaka rangi ikachoka pamoja naye, na miwani yake ilishikwa na gundi upande mmoja.

Akikwepa mkokoteni wa maboksi, kona ya sipiyu ikampiga ubavuni mwanamume mmoja aliyeinama mlangoni mwa kibanda chake, akisafisha feni kwa brashi ya kupakia rangi.

"Mama yangu!" mwanamume akashika mbavu. "Umekuja kutengenezewa au umekuja kuvunja watu?"

"Samahani kaka, sikukuona."

"Hunioni na urefu huu?" Akasimama wima, na kweli, kichwa kilikaribia kugusa dari la kibanda. Shati lake la buluu lilikuwa na kalamu mfukoni na bisibisi mbili kando ya kalamu. Akaupokea mzigo bila kuombwa. "Haya. Mgonjwa ana nini?"

"Amezeeka."

"Huo si ugonjwa. Hata mimi ninao."

Mwanamke akacheka. Kicheko chenyewe kilimshangaza, maana wiki nzima hakikuwa kimepita mdomoni mwake.

Mwanamke huyo alikuwa mchoraji wa majengo. Mkandarasi alimpa vipimo, naye akamjengea kwenye skrini jengo zima, na vioo vyake na jua lake na watu wanaotembea ndani, ili wenye pesa wavutiwe kabla tofali la kwanza halijalazwa. Zamani alifanyia kazi hiyo ofisini. Siku moja mkandarasi akawakusanya wachoraji wote, akawatangazia kwamba kuanzia sasa wako huru, watafanya kazi majumbani kwao. Walipiga makofi, masikini. Uhuru wenyewe ulikuja bila kompyuta, bila umeme na bila kiti. Kompyuta za ofisi ziliuzwa, na za kwanza kabisa waliuziwa wachoraji haohao. Hii iliyofungwa kwenye shuka ilikuwa mojawapo. Kisha mwaka huu mkandarasi akaamuru kila mtu ahamie kwenye toleo jipya la programu ya kuchorea, toleo ambalo kwa mashine hii ya kizee lilikuwa kama kumbebesha bibi gunia la saruji.

"Ijumaa saa sita mchana picha za ukumbi ziwe kwangu," alikuwa amemwambia kwenye simu. "Zisipokuja, kazi atachukua mwingine. Na huyo mwingine nitabaki naye."

Ndiyo maana alikuwa hapo Jumamosi, na shuka lake.

Fundi alifungua ubavu wa mashine, akamulika kwa tochi ya simu. "Hapa hamna kadi ya grafiksi. Kile kipande kinachochora picha, huna. Bodi yenyewe, huu ubao mkuu, ndiyo inayojikongoja ikichora."

Muuzaji wa kibanda cha jirani, mwenye masikio ya popo, akarukia. "Dada, njoo huku! Ninayo kubwa, feni tatu, taa zinabadilika rangi!"

Macho ya mchoraji yakaenda kwenye zile taa. Fundi akayaona yakienda.

"Ukiweka ile," akasema kwa sauti ya chini, "hii pawa yako, hili boksi linalolisha mashine umeme, haliiwezi. Kila ukianza kazi nzito, pyu, inazima. Utabadilisha pawa. Ukibadilisha pawa, utaambiwa kasha ni dogo. Wanakuuzia kadi, halafu wanakuuzia kompyuta nzima kipande kipande." Akavuta droo, akatoa kadi fupi isiyozidi kiganja, yenye feni moja. "Hii imetumika. Haina taa wala haitaki waya wa ziada, inakula umeme kwenye bodi hukohuko. Haitakuringisha mbele ya watu, lakini jengo lako litazunguka."

Mchoraji akafungua pochi, akaonyesha alichonacho. Hakujaribu kuficha aibu, alikuwa amechoka hata kwa hilo.

"Inatosha hiyo," fundi akasema. "Na usiibebe tena mgongoni. Nitakuletea na kukufungia mwenyewe. Leo umeshaumiza mtu mmoja."

Jioni ileile, jua likiwa bado dirishani, fundi aliifikisha mashine nyumbani kwa mchoraji. Chumba kilikuwa kimoja cha mbele: meza, kochi la mama, na pazia lililokatiza kitanda. Mama alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuagiza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Fundi akapiga magoti nyuma ya meza, akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la kadi mpya, akawasha. Mchoraji akafungua ukumbi wake. Zamani, kuuzungusha kulikuwa kama kusukuma kabati: unavuta, unasubiri, unavuta. Sasa ukageuka mara moja, mwepesi, vioo vyote vikamulika pamoja. Akaweka mkono mdomoni.

"Unalia, Bi Ghorofa?" fundi akauliza. Jina lile likamganda tangu siku hiyo.

"Vumbi."

"Mama kapiga deki, vumbi litoke wapi?" Akasogeza kichwa karibu na skrini. "Kumbe watu wamo humu ndani. Huyu anakunywa kahawa, huyu ana mkoba wa ngozi. Mafundi wako wapi?"

"Mafundi hawawekwi. Mkandarasi anasema wanachafua picha."

"Basi jengo limejijenga."

"Ndivyo wanavyotaka lionekane," akajibu. Utani ulikuwa umegusa mfupa.

Kuanzia hapo simu zikawa zinalia.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepona. Daktari je?"

"Daktari ana mbavu zinauma. Inaelekea zinataka kuonwa na aliyeziumiza."

"Mbavu zako zina maneno mengi."

"Zimefundishwa na moyo, uko jirani."

"Toka hapa!" Lakini simu haikukatwa. Mama, kwenye kochi, aligeuza uso ukutani ili binti asione anavyotabasamu.

Jumatano asubuhi mchoraji alikwenda kuchukua vipimo vipya ofisini kwa mkandarasi. Aliporudi akawasha mashine. Iliwaka vizuri, kama kawaida. Akaufungua ukumbi, akauvuta, na ukumbi ukakwama. Akavuta tena. Kabati lilelile la zamani. Akajaribu kupika, ndivyo wachoraji wanavyoita ile saa mashine inapogeuza mistari kuwa picha kamili, na hesabu ya programu ikamwambia itamaliza wiki ijayo.

Kaka yake alipita kula. Mtaani alijulikana kama Profesa, kwa sababu neno "sijui" halikuwahi kumtoka.

"Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia," Profesa akasema, mdomo umejaa. "Wale jamaa wanachukua kadi zilizoungua, wanazipasha moto, zinafanya kazi siku mbili tatu, zinakufa. Ndiyo kazi yao. Na wewe ulivyo, mtu akikuchekea tu umeshamwamini."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Akapiga simu.

"Bi Ghorofa wangu," fundi akapokea.

"Usiniite hivyo. Umeniuzia kadi gani?"

"Ileile uliyoiona. Kuna nini?"

"Imekufa! Mlijua itakufa. Unakuja na maneno matamu, unavua viatu, unamwamkia mama yangu, kumbe biashara!"

"Hebu tulia. Skrini inasema nini? Angalia nyuma..."

"Siangalii kitu! Nyie wote wa ghorofa ya pili ni wezi."

Kwenye simu ilisikika spika ya jirani ikijaribiwa, moja mbili, moja mbili.

"Umesema nini?"

"Nimesema wezi."

"Sawa," fundi akasema, sauti imezeeka ghafla. "Ilete kadi. Pesa yako ipo." Akakata.

Mchoraji hakujua amekanyaga wapi. Kabla ya kibanda, fundi alikuwa mwajiriwa wa kampuni moja yenye zulia. Vipuri vikapotea stoo. Hawakuanza kumpekua aliyekuwa na ufunguo wa stoo. Walimpekua mwenye bisibisi, mbele ya wenzake, mpaka soksi. Baadaye vipuri vilikutwa kwenye gari la bosi mdogo, na bosi mdogo akahamishiwa tawi kubwa zaidi. Fundi hakuombwa radhi na mtu, wala kurudishwa kazini. Kuna watu wanaosema mambo kama hayo yasahauliwe. Waliovuliwa soksi si miongoni mwao.

Alhamisi mchoraji aliamka na macho mekundu. Alipunguza vioo, akatoa kivuli, akatoa watu, mashine ikabaki palepale. Alipiga simu kwa fundi, haikupokewa. Akapiga tena. Mwishowe akaegemeza kichwa kwenye meza.

"Kazi imekwenda, mama."

Mama akanyanyuka kochini, akachukua simu yake ya vitufe, akatoka nje ili asisikiwe. Hata hivyo alisikiwa na mtaa mzima. "Mwanangu, mimi sijakuita mwizi. Mimi nakuita uje. Ndiyo, leo! Mambo yenu mtayamaliza wenyewe."

Fundi alikuja mchana, na mkoba wake. Alimwamkia mama, akavua viatu. Kwa mchoraji alisema tu, "Sogea kidogo." Akapiga magoti nyuma ya meza, akatazama. Akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani aliyeigusa hii?"

"Hakuna," mchoraji akasema.

"Mimi," mama akasema. "Jumatano, nilipokuwa napiga deki. Niliuchomoa ule waya nisije nikaumwagia maji. Halafu nikaurudisha."

"Uliurudisha wapi, mama?"

"Mahali pake! Tundu la juu. Miaka yote mimi ndiye ninayesafisha huko nyuma, waya huo unakaa tundu la juu. Nyinyi mliusahau huku chini, nikaona niurekebishe."

Tundu la juu lilikuwa la bodi, lile la zamani. Kadi ilikuwa nzima, imekaa pale tangu Jumatano na feni yake ikizunguka, haijaunganishwa na kitu. Fundi akauhamisha waya. Ukumbi ukazunguka.

Mama alianza kucheka, akaona nyuso, akaacha.

"Fundi," mchoraji akaanza.

"Fanya kazi," akasema. "Saa zinakwenda." Akavaa viatu mlangoni, kamba hakuzifunga, akaondoka bila kunywa chai iliyokuwa imeshamiminwa.

Mchoraji akasimama mlangoni. Angeweza kumkimbilia, hata ngazi hakuwa amemaliza. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na mama anakula, na kodi haijui mapenzi. Akarudi mezani. Akapika ukumbi wote, picha baada ya picha, na kila alipofuta miwani, gundi ilikuwa imelowa.

Jumamosi alipanda tena zile ngazi. Safari hii mgongoni hakuwa na kitu. Alivaa gauni lilelile la kijani, kwa kuwa ndilo safi. Fundi alikuwa akisafisha feni.

"Mbavu zako ziko salama leo," mchoraji akasema.

"Kilichoumia si mbavu."

"Najua. Mama alinisimulia habari za ile kampuni, ulimwambia ulipokuwa unakunywa chai siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nikizungusha ukumbi, sikusikiliza. Nimekosa. Sina maneno ya kulipamba. Uliniambia niangalie nyuma, nikaona bora nikutukane."

Fundi akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Picha zilifika?"

"Zilifika. Mwishowe amejibu neno moja, 'sawa'. Kazi ninayo." Akatoa simu, akamwonyesha. "Lakini tazama hii."

Ulikuwa ukumbi, vioo vyake na jua lake. Nyuma ya nguzo, mtu mrefu mwenye shati la buluu alikuwa amepiga magoti mbele ya soketi, na bisibisi mbili mfukoni.

"Nilikuweka. Mkandarasi akapiga simu hapohapo: 'Huyo anayeinama ni nani? Mtoe.'"

"Ukanitoa?"

Angeweza kudanganya, na uongo ungekuwa mtamu. "Nilikutoa. Kazi naihitaji. Hii ni nakala niliyobaki nayo."

Fundi aliitazama ile picha kwa muda. Kisha kifua kikaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, chakavu, kama injini iliyokaa sana bila kuwashwa.

"Kwa hiyo nimefukuzwa tena."

"Kwake. Kwangu hujafukuzwa."

"Na hii nakala unaipeleka wapi?"

"Nataka tuitundike ukutani."

"Ukuta gani, Bi Ghorofa? Wewe unakaa na mama, mimi nalala nyuma ya droo za nyaya."

"Nimechorea watu nyumba maisha yangu yote. Tutapanga chumba. Kidogo, kisicho na taa za kubadilika rangi."

Jirani mwenye masikio ya popo alikuwa amezima spika yake ili asikie vizuri. Fundi akamtupia brashi. Halafu akavuta stuli, akaipangusa kwa kiganja.

"Kaa kwanza. Umechoka."

"Nimechoka, mpenzi. Sana."

"Na mimi," akasema, akaketi juu ya kasha la kompyuta kando yake. "Basi tuchoke pamoja."