Dola ya Jicho la Kushoto

Haya hayakutokea usiku. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa mji wetu mdogo wa Decorah wakisikia kisa cha kutisha hudai giza na upepo, na mimi sina vya kuwapa. Ilikuwa mchana wa mwezi wa tatu, jua limetoka, theluji inayeyuka na kuchuruzika kutoka mapaani. Mimi nilikuwa saluni kwangu namkata mteja nywele. Saluni yangu inapakana na duka la sarafu za kale la mjomba wangu, Orville Stadtler, na mshirika wake Lyle Pruett. Ukuta ule ni mwembamba, na nilizoea kuwasikia wakitaniana kama mume na mke waliokwishachokana lakini hawana pa kwenda.

Siku hiyo aliingia dukani kwao Bi. Thea Brandvold, mjane ambaye hata matanga ya mumewe hayajaisha. Akafungua leso, akaweka mezani dola ya fedha ya mwaka 1878. Alitaka kujua kama ni ya kweli, na ni ya aina gani, maana marehemu hakumruhusu kuigusa maisha yake yote. Akaeleza kwamba mumewe alipokata roho, jicho la kulia lilifumba lenyewe, la kushoto likagoma. Akafanya kama bibi yake alivyokuwa akifanya: akaliwekea dola ile mpaka likatulia. Kabla jeneza halijafungwa, akaichukua.

"Kwa hiyo umemwibia maiti, Bi. Thea," Lyle akamtania.

Yule mama hakucheka. "Mume wangu alikuwa na wivu," alisema. "Hakupenda kutazamwa. Msiitazame kupita kiasi."

Alipotoka, Lyle akasema macho hayana pazia, tena yeye na Orville wanakula kwa macho. Ni kweli. Kazi yao ni kutazama. Dola ya mwaka ule kwanza unahesabu manyoya ya mkia wa tai, kama ni saba au manane. Halafu unatafuta alama za muhuri wa chuma ulioipiga, maana kila muhuri una kasoro zake. Muhuri ukipata ufa, ufa huo hujitokeza kwenye sarafu kama uzi ulioinuka. Kadiri muhuri unavyoendelea kupiga, ndivyo ufa unavyorefuka, hivyo sarafu za mwanzo zina ufa mfupi na za mwisho zina mrefu. Lakini sarafu ikishapigwa, imepigwa. Ufa wake hauongezeki tena, kama vile picha ya mtoto haiwezi kuota ndevu.

Desturi yao ilikuwa kila mmoja aikague sarafu peke yake, aandike kwenye kipande cha karatasi, kisha wafunue pamoja. Kwenye daraja la ubora wa sarafu waliwahi kupishana kidogo. Kwenye muhuri, hawakupishana hata mara moja tangu mimi niko shule ya msingi.

Siku ile walipishana. Wote wawili waliandika manyoya manane. Wote waliandika kwamba ufa unaanza ukingoni, mbele ya uso wa mwanamke wa Uhuru aliyechongwa upande wa pili wa tai. Lakini mjomba aliandika unaishia mdomoni. Lyle, aliyekagua baada yake, aliandika unaishia puani.

"Orville, mzee mwenzangu," Lyle alisema, "umeshaota mtoto wa jicho."

Huo ulikuwa utani, lakini ulimchoma mjomba. Mkaguzi wa sarafu macho yakimtupa, kwisha habari yake. Nani atamwamini tena? Akakichukua kioo cha kukuzia, akatazama upya. Ufa ulikuwa umefika puani kweli. Tena umeipita pua.

Kesho yake alikuja saluni kabla sijafungua, kofia mkononi. Akaninong'oneza kwamba Lyle anambadilishia sarafu. Alikuwa na hakika: Lyle ana dola nyingine za mwaka ule, anaziweka moja baada ya nyingine ili yeye ajione kipofu, auze sehemu yake ya duka. Mchana Lyle naye akaja kunyolewa. Akaniambia, macho yake yakinikodolea kwenye kioo, kwamba mjomba wangu anambadilishia sarafu.

Nilikasirika. Watu wazima wale, kila mmoja anavizia mwenzake atoke ili aitazame dola kwa siri. Na kila akiitazama, anakuta ufa umesogea. Na kila ukisogea, anamshuku mwenzake zaidi, anaitazama tena. Niliwaambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubali jambo moja: dola ifungwe ndani ya bahasha, selotepu juu, wote wawili watie saini juu ya selotepu, ikae kwangu. Nikaifungia kwenye kabati la taulo.

Siku ya kuifungua tulikuwa watatu dukani kwao. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Selotepu ilikuwa nzima. Saini nzima. Mjomba akaipasua bahasha, Lyle akawasha taa yao ya mezani na kuinama, kioo cha kukuzia kikiwa kwenye jicho lake la kushoto.



"Umefika wapi?" mjomba aliuliza.

"Jichoni."

Mjomba akarudi nyuma. Hakutaka kutazama. Lyle hakuinuka. Aliinama zaidi, pua karibu iguse fedha.

"Lyle, basi," nilisema.

"Subiri," alinong'ona. "Ananitazama."

Nikamshika bega. Baridi yake ilipenya hata shati. Akakiachia kioo, nikakidaka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeitwa kuamua, nikatazama. Mara moja tu.

Hapakuwa na ufa. Mdomo safi. Pua safi. Jicho safi.

"Ufa uko wapi?" niliuliza.

Lyle alikuwa amesimama, kiganja kimeziba jicho lake la kulia, uso umeelekea dirishani kwenye jua lile lote.

"Marlys," alisema polepole. "Nani amezima taa?"

Daktari wa macho alikuta mstari umelikata jicho la kushoto la Lyle, umeanzia ukingoni, umepanda kwa kujipinda hadi katikati. Umeinuka kama uzi, alisema, akauliza ni waya gani uliomchoma. Mjomba alikaa chini sakafuni. Ule mpindo aliujua. Alikuwa ameukagua kwa macho yake kwenye dola ile. Akamwomba Lyle msamaha pale pale, analia, na Lyle akamwambia anyamaze, kwamba hata yeye alimshuku, wametoka sare.

Dola niliirudisha mimi. Bi. Thea aliipokea kwa leso bila kuitupia jicho.

"Nani aliitazama mwisho?"

"Mimi."

Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga. Alinikagua jicho la kushoto kwa muda mrefu, kama mjomba anavyokagua fedha.

"Mara moja?"

"Mara moja."

Akaniachia, akafunga mlango taratibu. Sikupenda alivyoufunga.

Duka bado lipo. Lyle anahesabu manyoya ya tai kwa jicho moja, na siku hizi wanatazama sarafu kichwa kwa kichwa, karatasi walishaziacha. Mimi sioni tofauti yoyote. Naona vizuri, siumwi, nakata nywele kama kawaida. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Ila wiki iliyopita mume wangu alihamishia mto wake chumba cha wageni. Nilidhani nakoroma. Nilipombana sana, akasema sikoromi. Akasema nikilala, jicho langu la kulia linafumba. La kushoto linabaki wazi, na akizunguka kitanda, linamfuata.