Mtaa Usiokufa Mtu

Simu ilitetemeka mfukoni saa mbili na dakika saba asubuhi.

"Karani."

"Nasikia."

"Daftari linafungwa saa sita."

Bosi wake akakata simu.

Kwa lugha ya idara yao, maana yake ni kwamba mzigo wa magendo waliokuwa wakiutafuta ungehamishwa adhuhuri, kutoka ghala ambalo bado hawakulijua. Karani akatazama Casio yake. Zilibaki saa nne kasoro dakika saba.

Hakuwa karani, hata kidogo. Alikuwa mpelelezi, na hilo jina wenzake walimbandika kwa sababu kabla ya kushika bastola alishika kalamu miaka sita, akiandikisha wagonjwa kwenye kaunta ya kituo cha afya. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama kwenye wodi ya watoto, kando ya kitanda namba nne. Aliyelala pale ni mtoto wa dada yake, miaka miwili na nusu, uso umevimba mpaka macho hayaonekani. Siku mbili hajakojoa hata tone.

Dada yake hakulia. Alimwambia tu kwamba kama ana pa kwenda, aende. Kukodoleana macho pale hakumsaidii mtoto.

Wodini walikuwa watoto kumi na mmoja, ugonjwa mmoja. Kikohozi kidogo, dawa ya maji ya kikohozi kutoka dukani, kisha figo zinagoma. Daktari wa wodi alikuwa amemweleza kila kitu wazi. Kwenye ile dawa kuna sumu, ila hajui sumu gani. Kila sumu ina tiba yake, na ukikosea tiba kwa mtoto ambaye figo zimesimama, umemuua kwa mkono wako. Alitaka chupa moja iliyofungwa, aipime.

Chupa moja tu. Na haikuwepo.

Waliokuwa wakiingiza dawa ile kwa magendo walishanusa kwamba wanatafutwa. Ndani ya siku mbili walikomba chupa zote madukani. Wakaingia hadi majumbani wamevaa makoti meupe, wakijifanya watu wa afya, wakawaomba kina mama warudishe dawa "iliyopitwa na muda." Kina mama wakarudisha, tena wakashukuru. Jamani, kuna watu wameumbwa bila haya!

Karani aliwasha Hilux, akaiondoa, akaisimamisha tena chini ya ukuta wa hospitali. Alihitaji kusoma kwanza.

Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na daftari lake mwenyewe. Siku tisa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, anagonga mlango, anauliza nani amekufa humu, lini, na alikunywa nini. Chini yake ilikuwa ripoti rasmi ya idara ya takwimu. Ripoti ilisema watoto wanakufa kwa malaria, kidogo huku, kidogo kule, kama miaka yote. Wizara ikaamini. Bosi wake yeye alishaamua kwamba nesi mmoja mzee wa kituo cha afya ndiye aliyehongwa akachezea daftari la vifo, na alikuwa tayari kumtia pingu.

Karani alishuka na kalamu kwenye ripoti, safu kwa safu. Ukurasa wa tatu akasimama.

Akapiga simu.

"Bosi, mwache yule mama. Si yeye."

"Kwa nini?"

"Jumatatu haijavimba."

Bosi hakuelewa, ikabidi afafanuliwe kama mtoto wa chekechea. Jumapili karani wa kaunta hayupo. Anayekufa Jumapili huandikwa Jumatatu, kwa hiyo daftari lolote la kweli lina Jumatatu nene. Tena ukimuuliza mama aliyefiwa umri wa mwanawe, atakwambia miwili, atakwambia mitatu. Nani ana moyo wa kuhesabu miezi siku hiyo? Lakini kwenye ripoti ile watu walikufa sawasawa siku zote saba, na watoto walikuwa na miezi kumi na saba, ishirini na mbili, thelathini na moja. Aliyewatunga alijua hesabu sana, ila hajawahi kukaa kaunta hata siku moja. Nesi mzee angekosea vingine, si hivyo.

Idara nzima ya takwimu ilikuwa na mtu mmoja tu wa aina hiyo. Mkuu wake. Walimwita Profesa.

"Sawa," Bosi akasema. "Ghala liko wapi?"

"Nipe dakika tano."

Akaweka daftari lake na ile ripoti ubavu kwa ubavu. Kwenye mitaa mingi Profesa alikuwa amebadilisha sababu ya kifo tu. Mmoja, nyuma ya kiwanda cha matofali, alikuwa ameufuta wote. Karani alihesabu watoto sita pale kwa mwezi mmoja. Profesa aliandika sifuri. Wala si watoto peke yao. Kwa miezi mitatu hakufa mzee, hakufa mzazi, hakufa mlevi aliyegongwa na gari. Alitaka afisa yeyote asione sababu ya kukanyaga mtaa ule. Njia ya mwongo ni fupi.

Dakika zilikuwa nne.

Ghala lilikuwa na geti la bati na mlinzi mwenye usingizi. Karani alimwendea na daftari mkononi, akamsalimu vizuri, akasema anahesabu watu. Wanalala wangapi humu? Wana vyandarua? Mlinzi alijibu la kwanza, akajibu na la pili, ndipo akakumbuka kwamba yeye ni mlinzi.

Glock ilikuwa imeshafika chini ya kidevu chake.

"Lala kifudifudi, kaka. Utaamka salama."

Ndani, Fuso lilikuwa limejaa maboksi nusu. Profesa alisimama nyuma yake na suti ya kijivu, miwani puani, kama mtu anayesimamia mtihani. Alipoiona bastola hakukimbia.

"Mwanangu," alisema, "watoto hufa kila mwaka. Mimi sijamnywesha mtu dawa. Nimebadilisha safu moja kwenye jedwali."

"Na huu mtaa je? Umeandika hafi mtu."

Mkono wa Profesa ukapenya ndani ya koti.

Dereva akawasha Fuso.

Risasi mbili, matairi mawili ya mbele. Lori likainama. Profesa akachomoa kibastola na kufyatua. Boksi kando ya sikio la Karani likapasuka, maji matamu yakamrukia shavuni. Karani akampiga risasi ya bega. Akaanguka chali, miwani ikamtoka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee tu.

Karani akajifuta shavu haraka. Akavuta chupa moja iliyofungwa, akaikumbatia ndani ya koti.

"Karani kwa Bosi. Daftari limefunguka."

"Unahitaji nini?"

"Pingu tatu. Na ambulansi. Hiyo isikimbizwe."

Hilux ndiyo iliyokimbizwa. Saa tano kasoro robo chupa ilikuwa mikononi mwa daktari. Saa saba sumu ikapata jina, na dripu zikatundikwa.

Zilitundikwa nane. Vitanda namba mbili, saba na tisa vilikuwa vimetandikwa upya.

Karani alikaa kwenye benchi la nje akijilaani. Ripoti ile ilikuwa kwenye gari lake tangu siku ya tatu. Aliidharau, akaona mwenye akili ni yeye na miguu yake. Angeisoma siku ile, vitanda vile vingekuwa na wenyewe. Hapakuwa na wa kumsukumia lawama, na alijua ataishi nalo.

Saa kumi Bosi akapiga. Kuna kazi nyingine, aje.

Hapo mlango wa wodi ukafunguka. Dada yake alitoka mbio na nepi mkononi.

"Amekojoa," alinong'ona. "Shika. Shika uone."

Karani akaishika. Ilikuwa na joto.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama wa kitanda namba saba, mikono mapajani, anaitazama ile nepi.

Dada akaichukua taratibu, akaificha nyuma ya mgongo wake. Karani akafunga zipu ya koti, akainamisha kichwa mbele ya yule mama, akatoka.