Mshale wa Presha

Haya alinisimulia Twilumba mwenyewe, binti wa jirani yangu, msimu wa mavuno uliopita, tukipepeta mpunga barazani kwangu.

Huku kwetu Pawaga siku hizi tembo hawafukuzwi kwa madebe. Juu ya majaruba ya mpunga huelea mswagatembo, chombo kipana kama ungo, chenye akili unde. Tembo akisogea, kinampiga kwa gololi laini iliyojaa rangi na pilipili. Inampasukia mgongoni, anawashwa, anageuka. Bunduki hiyo ya rangi husukumwa na hewa iliyoshindiliwa mtungini, lakini hewa hupita kwanza kwenye kipunguzapresha, kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Bila hicho, gololi ni jiwe.

Asubuhi moja Twilumba, ambaye ndiye fundi wa vyombo hivyo, aliona mshale wa kipimo cha presha unapanda wenyewe. Jioni kundi la tembo lenye ndama lingeshuka. Gololi ya nguvu ile ingempofua ndama, au ingemuua mtu.

Akafunga mtungi, akaitoa hewa iliyobaki, akakifungua kidude juu ya kitambaa cheupe. Ndani, kwenye oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa, kulikuwa na utando wa kahawia, umenata na vumbi la pumba. Akanusa.

"Baba, umekipaka mafuta ya kula?"

Mzee Mgongolwa alikuwa kigodani, karibu yake. "Alizeti kidogo tu. Kilikuwa kinakwaruza kama magoti yangu. Na magoti nimeyapaka, yamepata nafuu."

"Magoti yako hayana oringi, baba."

"Umejuaje? Hujawahi kuyafungua."

Twilumba akacheka. Akaviosha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akavikausha, akakagua kila oringi kama ina mkwaruzo.

"Nipe hiyo grisi."

Mzee akampa kopo kwa mkono wa kushoto.

Twilumba hakulipokea. Tangu azaliwe, baba yake hajampa mtu kitu kwa kushoto. Akamsogelea, akamfungua vifungo vya shati. Bega la kulia lilikuwa na duara jeusi, kingoni bado kuna rangi ya njano ya gololi.

"Ulikuwa wapi?"

"Dunguni."

"Dungu la nini, na chombo kipo?"

"Miaka thelathini nimelinda mpunga macho wazi, mwanangu. Chombo kimechukua kazi, usingizi hakikunirudishia. Nikilala ndani nasikia mashina yanang'olewa. Basi napanda dunguni, nakaa. Juzi gololi ikampita tembo, ikanifikia mimi."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Mafuta nilipaka mwenyewe."

Twilumba akapaka oringi grisi, utando mwembamba tu, akakifunga kidude, akafungua mtungi. Mshale ukapanda mpaka alama yake, ukatulia. Kanuni ni kuutazama saa nzima kabla ya kukiamini. Akatandika mkeka kivulini, akaiweka bunduki, mdomo umeelekea ukutani.

"Leo lindo lako ni hili, baba. Mshale ukisogea, uniambie."

Mzee akajilaza kwa bega zima, uso karibu na kipimo.

"Haujasogea," alisema.

Baadaye tena, "Haujasogea."

Mara ya tatu hakusema. Mdomo wake ulikuwa wazi, mkono umelegea juu ya mkeka. Twilumba akaumalizia muda peke yake. Mshale ulikuwa palepale. Akakirudisha chombo angani, akajilaza ncha ya mkeka, miguuni pa baba yake, naye akalala.