Viatu vya Binti wa Mluzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Koplo alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia sebule na kumwamsha mdogo wake. Cheo hicho hakukipata jeshini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili tu, ila baba yake, ambaye alikuwa sajini, alimwita Koplo kwa sababu alipenda kuamrisha kuliko kula. Mdogo wake wa miaka sita aliitwa Kuruta, naye hakuwa na la kufanya ila kutii.

Tangu Baba arudi kwa likizo, kazi ya kufagia ilikuwa imebadilika. Koplo akiingia sebuleni na ufagio alimkuta ameshaamka, ameketi kwenye kiti alichokisukuma hadi ukutani, macho yake mlangoni.

"Baba, inua miguu nifagie."

"Sawa, Koplo," Baba alijibu na kuinua miguu. Zamani angesimama wima na kupiga saluti mpaka Mama aseme kambi hii ina vichaa watupu.

Alikuwa ametumwa miezi kumi na mmoja kulinda amani kwenye nchi ya watu waliokuwa wakiuana. Likizo yake ilikuwa siku ishirini na nane, na nane za kwanza zilipita kama siku za matanga. Wakiketi kula, aliwahesabu kwa kidole chini ya meza: mmoja, wawili, watatu. Kuruta akitoka kunawa mikono, kijiko cha Baba kilisimama hewani hadi arudi.

Jambo moja lilimkera Koplo zaidi ya yote. Katika nyumba yao, Baba akirudi safari palikuwa na ukaguzi. Baba alisimama wima katikati ya sebule, mikono ubavuni, na watoto wakalipekua begi lake hadi chini kutafuta zawadi walizofichiwa. Kabla ya kila safari alipima nyayo zao kwa uzi, akaukata na kuuweka mfukoni, ili akikuta viatu vizuri ajue vipi vitawatosha. Safari hii Kuruta alipolirukia begi, Baba alilisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Ukaguzi umefutwa," alisema. "Asiliguse mtu."

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Darasani alikuwemo msichana mmoja mwenye maneno mengi, wakamwita Kasuku. Baba yake alikuwa kikosi kimoja na babake Koplo, na walirudi pamoja.

"Baba kaniletea saa," Kasuku alisema Jumatatu, akiuzungusha mkono ili kila mtu aione. "Wako kakuletea nini? Vumbi?"

"Kaleta vingi. Hajafungua begi tu."

"Wiki nzima begi halijafunguliwa? Hilo si begi, mwenzangu, ni kaburi."

Wenzake wakacheka, na kicheko hicho kikamfuata Koplo hadi nyumbani. Alikuta Mama, fundi cherehani, ameenda sokoni kununua uzi. Baba alikuwa ametoka kumtembeza Kuruta. Koplo akapiga magoti, akalivuta begi.

Chini kabisa, chini ya blanketi na sahani ya bati, palikuwa na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya kijani. Ndani yake aliona viatu vya kike vyeusi, vyenye mikanda ya bizimu zinazong'aa. Katika kiatu cha kushoto mlikuwa na uzi wa kupimia unyayo. Koplo hakuhitaji kuuliza zaidi. Baba alikuwa na zawadi yake, na alikuwa anaichelewesha kwa hasira asizozijua yeye. Akavijaribu. Vilibana vidoleni, akajiambia kwamba miezi kumi na mmoja ni mingi, miguu haingoji mtu.

Jumanne alitoka nyumbani na viatu vyake vya zamani, akabadilisha nyuma ya ukuta wa shule. Alifanya hivyo siku tatu. Kasuku aliviangalia, akakosa la kusema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Lakini Alhamisi, wakiruka kamba, Koplo alijikwaa kwenye jiwe. Soli ya kulia ilifunguka kama mdomo na ngozi ya mbele ikachubuka. Asingeweza kuvirudisha hivyo. Akavificha kwenye gunia la Mama la vipande vya vitambaa, akaapa kufikiri kesho.

Kesho ilimtangulia. Ijumaa aliporudi shuleni alimkuta Baba amepiga magoti kwenye mkeka, vitu vyote vya begi vimepangwa mstari mbele yake. Alivigusa kimoja kimoja na kuvitaja kama anayesoma orodha.

"Blanketi. Sahani. Kikombe. Taulo." Mkono ukafika mahali patupu, ukabaki hapo. Akavirudisha vyote begini, akavitoa tena, akaanza upya. "Blanketi. Sahani. Kikombe. Taulo."

"Unatafuta nini?" Mama aliuliza.

"Viatu."

"Viatu gani?"

"Mluzi alimnunulia binti yake viatu." Sauti ya Baba ilikuwa ya chini. "Niliahidi kuvipeleka."

Koplo aliishika fremu ya mlango. Mluzi alikuwa rafiki wa Baba, mtu mfupi aliyepiga mluzi hata akiwa anatafuna. Kila mtu alijua kwamba hakurudi. Binti yake alikuwa na umri wa Koplo. Basi uzi ule haukuwa wa unyayo wake. Mluzi alikuwa ameiga ujuzi wa rafiki yake, akapima mguu wa mwanawe, akaubeba uzi huo mpaka huko alikofia. Na yeye, Koplo, alikuwa ameruka kamba na viatu vya yatima mpaka vikapasuka.

Alipaswa kusema hapo hapo.

"Mmeviona?" Baba aliwauliza.

"Mimi sijaviona," alisema Kuruta.

Koplo hakusema ameviona, wala hakusema hajaviona. Aliinama akafungua kamba za viatu vyake polepole, na Baba akalipokea hilo kama jibu. Uongo hauhitaji ulimi, ndugu zangu. Unaweza kukaa kwenye kamba ya kiatu.

Jumamosi mchana Koplo alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba. Cherehani ya Mama ilikuwa inakwenda, kisha ikanyamaza ghafla, na kupitia dirishani akasikia sauti ya Baba.

"Siendi kwa mke wa marehemu. Niende na nini mikononi?"

"Nenda na mdomo wako," Mama alisema. "Anakungoja."

"Nikamwambie nini? Nilivifunga viatu vile kwa mikono hii. Naiona kamba, ilikuwa ya kijani. Na havipo. Maana yake sikuvifunga. Nimeota."

"Umechoka, mume wangu. Mtu husahau."

"Hunielewi." Koplo hakuitambua sauti yake. "Siku ile pale darajani nilipiga kelele. Nilimwambia, lala chini. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka, na ndicho kinachoniwezesha kuamka asubuhi. Lakini kama viatu ni ndoto, labda na kelele ni ndoto. Labda nilimwona anayelenga, nikaganda, sikusema kitu. Labda mimi ndiye niliyemwacha afe."

Mama hakuwa na ushahidi wowote. Hakuwepo darajani, na viatu hakuviona.

Aliyeviona alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nyuma ya nyumba, shuka mikononi. Koplo hakuwa mtoto mjinga. Alikuwa ameogopa kugombezwa, akaogopa kuchapwa, akaogopa kicheko cha Kasuku. Sasa aliona kimya chake kimefanya nini. Kilikuwa kimeingia kichwani mwa baba yake na kumhukumu kwa kifo cha rafiki yake. Shuka ikamponyoka, akaiacha matopeni.

Aliingia ndani, akamwaga gunia la vitambaa sakafuni mbele yao, akaviokota viatu na kuviweka miguuni mwa Baba.

"Nilivichukua mimi," alisema. "Jumatatu. Nilidhani ni vyangu. Nikavivaa shuleni, nikavipasua. Jana uliniuliza nikanyamaza."

Mama aliinuka, mkono juu. Baba akauzuia bila kumwangalia.

"Vilikuwa wapi begini?" aliuliza.

"Chini kabisa. Chini ya sahani."

"Vimefungwa?"

"Kwa gazeti. Na kamba ya kijani. Mafundo mawili, moja lilinisumbua kufungua."

"Mafundo mawili," Baba alirudia. Alikiokota kile kilichopasuka, akakigeuza mara kadhaa. Kisha mtu yule ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia alilia mchana kweupe, kiatu kifuani. Kuruta alijificha nyuma ya cherehani. Koplo alisimama. Alitamani apigwe, maana kipigo kina mwisho.

Jioni ile Baba na Koplo walikwenda kwa fundi viatu wa mtaani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Kiatu kipya kabisa hiki," fundi alisema, akiiingiza sindano nene kwenye soli. "Kimekosa nini kwa huyu binti mpaka akitese hivi?"

"Hakikuwa chake," Baba alisema.

Fundi aliinua macho, akaona uso wa Koplo, akaacha utani. Alishona mzunguko mzima, akapaka gundi, akaibana kwa kamba hadi ikauke. Pale palipochubuka alipaka rangi mara tatu. "Nimefunika," alisema, "ila sijafuta. Mwenye macho ataona."

"Aone," Baba alisema. Akamgeukia bintiye. "Kesho utavipeleka wewe. Na utasema."

Nyumba ya Mluzi ilikuwa ya vyumba viwili, na sare yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari, imepigwa pasi. Mjane aliwakaribisha vitini. Binti yake aliketi kando ya mama yake, mikono mapajani, akimtazama Koplo kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa.

Koplo alisimama, akamnyooshea msichana yule viatu kwa mikono miwili. "Baba yako alikununulia hivi. Mimi nilivichukua nikavivaa siku tatu. Kimoja nilikipasua, kimeshonwa. Naomba unisamehe."

Binti wa Mluzi alivipokea. Alipapapasa mahali palipopakwa rangi, akapaona. Akauvuta uzi uliokuwa ndani, akaunyoosha kwenye unyayo wake. Mguu ulikuwa umeuzidi uzi kwa upana wa kidole. Hata hivyo akavivaa, akafunga bizimu, akatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Vilikubana?" alimuuliza Koplo.

"Vilinibana sana."

"Umevitanua. Bila hivyo visingeniingia." Hakutabasamu. "Lakini ungeuliza."

"Ningeuliza," Koplo alisema.

Kisha mjane akamgeukia Baba. "Shemeji, leo ni siku ya kumi na nne tangu mrudi. Nilihesabu. Wenzako walikuja, wakasema pole, wakanywa chai, wakaondoka. Wewe uliyekuwa naye hukuja. Nikajiambia, basi huyu ana jambo. Basi mume wangu alikufa vibaya, au alikufa kwa kosa lake, ndiyo maana wananificha."

Baba aliweka mikono yote miwili magotini. Akasimulia. Alisimulia daraja, jua la saa nane, na mtu aliyetokea kwenye matete. Alisimulia jinsi alivyopiga kelele mara mbili, na jinsi Mluzi, badala ya kulala chini, alivyogeuka kumsukuma kijana mmoja wa kikosi aliyekuwa amesimama wazi. Kijana alipona. Alisimulia pia usiku asiolala, na jinsi kimya cha Koplo juu ya viatu kilivyomfanya ajione muuaji. Hakuwahi kuyasimulia yote hayo mbele ya mtu. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka, naye mjane alikuwa analia bila kelele, akitikisa kichwa taratibu.

"Ahsante," alisema hatimaye. "Sasa najua nimezika mtu gani."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akawatazama Baba na Koplo kwa zamu, kama mwalimu anayewatazama wanafunzi wawili wa dawati moja.

"Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe mwanangu uliogopa kusema neno moja, baba yako akajiona muuaji. Na wewe, shemeji, uliogopa kusema lako, nami nikamdhania mume wangu mabaya kwa siku kumi na nne. Hakuna kati yenu aliyesema uongo. Mlinyamaza tu. Lakini ukweli unaoufungia ndani haukuumizi peke yako. Humuumiza aliye jirani, tena asiye na kosa. Usemeni mapema, hata kama sauti inatetemeka. Wewe mtoto, kwa wazazi wako. Na wewe shemeji, hayo ya usingizi na kichwa, yapeleke kwa daktari wa kikosi kabla likizo haijaisha. Usimwachie mkeo peke yake."

"Nitakwenda kesho asubuhi," Baba alisema.

"Nitamuuliza mkeo kama umekwenda."

"Muulize Koplo," Baba alisema. "Huyu sasa atasema."

Binti wa Mluzi alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akizipangusa bizimu kwa kidole. Alisogea kidogo upande mmoja. Koplo aliisubiri ruhusa ya maneno, haikuja. Akaenda, akaketi pale palipoachwa wazi.